Bata wa Mke Aliyetangulia

17 Machi

Dada,

Usiichane kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo uichane.

Mimi ndiye niliyeingia nyumba uliyotoka. Sura yangu unaijua, uliwahi kukaa kwenye kiti changu cha saluni nikakusuka, kabla mambo hayajawa mambo. Anwani ya jikoni kwenu kwenye shule ya bweni nimepewa na wifi. Simu yako haipatikani, na hata ingepatikana nisingethubutu, sauti ya mtu ni kitu kingine. Barua nimempa kondakta wa basi la asubuhi, anasema anapita getini kwenu kila siku.

Shida yangu ni bata wako. Uliwaacha sita, na Fundi hataki kuwauza wala kuwachinja. Mimi tangu nizaliwe sijafuga hata paka. Kazi yangu ni nywele. Sasa yule jike mwenye doa jeupe shingoni amejikunja nyuma ya tangi la maji wiki nzima, juu ya mayai kumi na mawili, ukimsogelea anavuma kama pasi ya moto iliyodondokewa na maji. Hali chochote. Nikimpelekea chakula ananitazama kama mama mkwe. Nimtoe? Nimwache? Anaumwa?

Nimemuuliza Fundi, kanijibu, "Mwenzako alikuwa anajua tu." Hilo ndilo jibu lake la kila kitu. Maji yamechafuka: mwenzako alikuwa anajua. Banda linanuka: mbona zamani halikunuka? Jioni akirudi kazini hasalimii mtu, anapitiliza uani, anapiga ule mluzi mliokuwa mnapiga, na wote wanamkimbilia wakitingisha mikia. Mimi nikiupiga wanageuka, wananikagua, halafu wanaendelea na shughuli zao.

Nakuomba unifundishe. Fundi anajua nakuandikia, na anakusalimu.

Mke wa Fundi


24 Machi

Kwako Msusi,

Sikuichana. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa stoo juu ya gunia la unga, maana jikoni hapa kuna masikio mengi.

Bata haumwi. Anaatamia. Mwache. Ni siku ishirini na nane, hesabu tangu alipokaa moja kwa moja. Mara moja kwa siku atatoka, atakula haraka haraka, ataoga, atarudi na manyoya mabichi. Usimfukuze ukidhani ataharibu mayai. Unyevu huo yanauhitaji. Usiyageuze, anayageuza mwenyewe. Chakula chake weka hatua kadhaa mbali na kiota, alazimike kunyoosha miguu.

Maji ya kunywa yawe na kina cha kuzamisha pua. Bata asiposafisha pua, macho yanaanza kutoa tongotongo. Na bata hawanuki, Msusi. Kinachonuka ni matandiko. Toa maranda yaliyolowa kila asubuhi, weka makavu. Nimefanya hivyo miaka tisa kabla jua halijafika ukutani, ndiyo maana kuna mtu anakumbuka nyumba isiyonuka.

Huo mluzi ni wangu. Yeye nilimfundisha.

Salamu zake zimefika. Mwambie na mimi sijasahau kwamba Desemba nilimtuma wifi na kikapu kuomba bata wawili tu, wawili kati ya sita niliowalea kwa mikono hii, naye akakataa. Nilivumilia mengi ya mwanamume yule. Hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Mpishi


12 Aprili

Dada,

Kumi na mmoja! Yai moja tu ndilo halikufunguka. Siku ile nilikaa chini kwenye vumbi na gauni langu jipya nikiwaangalia wanavyochungulia chini ya bawa la mama yao, rangi kama ganda la ndizi mbivu. Nilitaka kukuandikia saa ile ile.

Laiti ningeliandika. Sasa nina habari mbaya. Juzi asubuhi mbwa wa jirani aliruka ukuta. Mpaka natoka na ufagio, jike alikuwa ameshajitupa kati yake na watoto. Watoto wote wazima. Yeye hakupona.

Fundi alimzika nyuma ya tangi. Alichuchumaa pale muda mrefu, mabega yakimcheza. Nilipomgusa akasema, "Huyu alimlea tangu yuko yai." Hakutaja ni nani aliyemlea, wala hakuhitaji. Dada, mimi nilifanyiwa upasuaji Novemba. Alikuja wodini na machungwa matatu, akamuuliza nesi kwa nini koki ya pale inavuja, akaenda zake. Kwa bata wako amelia.

Basi. Vifaranga nimewaweka jikoni ndani ya boksi la televisheni, nimewatandikia maranda na kuning'iniza balbu juu yao. Nashukuru maji yapo pale pale, maana Fundi aliniwekea bomba la jikoni mwezi wa pili tu tangu nihamie, na sinki la bati. Nageuka nachota. Sijui wewe na ndoo ulikuwa unawezaje.

Swali langu: wana siku tano sasa, na kidimbwi kile cha saruji Fundi alichokijenga kimejaa. Niwatie majini? Wananyoosha shingo kila wakisikia maji yakitiririka. Lakini hewa ina baridi kidogo na mama hawana. Nimeogopa. Nakusubiri wewe.

Mke wa Fundi


14 Aprili

Msusi,

Bata ni ndege wa maji. Wapeleke kidimbwini wote, asubuhi, uwaache waogelee mpaka watosheke wenyewe. Ukiwadekeza watakua legelege.

Habari za jikoni kwako usinisimulie tena.

Mpishi


19 Aprili

Dada,

Sijui nianzie wapi.

Nilifanya ulivyosema. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, walizama na kuibuka, wakafukuzana, nikacheka peke yangu kama kichaa. Nikaingia ndani kuandaa chai. Niliporudi walikuwa wameshuka majini, yaani miili imezama, vichwa tu ndivyo viko juu, hawapigi makasia tena. Niliwatoa kwa khanga, wamelowa kama pamba, wanatetemeka. Nikawaweka chini ya balbu. Nikawasugua mmoja mmoja kwa taulo langu la saluni. Nikawapulizia hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, nikasogeza mbali wasiungue. Kufika saa sita mchana tisa walikuwa wamekufa.

Wamebaki wawili.

Najua kuna kitu nilikosea. Labda nilichelewa kuwatoa. Labda maji ya tangini yalikuwa baridi kuliko ya zamani zako. Niambie nilikosea wapi, hata ukinitukana.

Fundi alirudi akawakuta nimewapanga juu ya gazeti. Akauliza, "Nani alikwambia uwaogeshe?" Nikamjibu, "Nimeamua mwenyewe." Akasema, "Mwenzako asingefanya hivi." Akatoka.

Sikukutaja, Dada. Usidhani ni wema. Nilijua nikikutaja, siku nzima ingekuwa yako.

Mke wa Fundi


21 Aprili

Mdogo wangu,

Hukukosea popote.

Kifaranga anayelelewa na mama yake hupata mafuta ya manyoya ya mama kila anapoingia chini ya bawa. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji. Asiye na mama hana kinga, manyoya yake hunyonya maji, na akilowa baridi humwua. Hatakiwi kuogelea mpaka aote manyoya kamili. Hilo nalijua tangu mwaka wangu wa kwanza wa kufuga. Nililijua nilipokuwa nakuandikia "wapeleke wote".

Nitakueleza, ingawa maelezo hayafufui kitu. Barua yako ilinifikia wakati wa kugawa chakula. Niliisoma nimesimama kando ya sufuria. Habari ya jike niliisoma nikafuta macho kwa aproni. Kisha nikafika kwenye bomba.

Mimi nilikuwa mke wa fundi bomba miaka tisa, na kwa miaka tisa nilibeba ndoo kutoka koki ya uani mpaka jikoni. Nilimwomba kwa upole, nilimwomba kwa ugomvi, nilimwomba siku ya Idi na siku ya mwaka mpya. "Wiki ijayo." Majirani walikuwa wananitania. Alitia mabomba nyumba za watu mtaa mzima, akirudi nyumbani mikono yake imechoka. Wewe aliniwekea… naona hata kalamu inakataa. Wewe alikuwekea mwezi wa pili. Na umeniuliza nilikuwa nawezaje.

Nilichukua karatasi nikaandika palepale. Kondakta alikuwa getini. Ningesubiri mpaka kesho yake nisingeituma, lakini sikusubiri. Nilitaka Fundi akukute na boksi tupu, aseme lile lile alilokuambia. Amelisema. Halikunipa raha niliyoitarajia, wala siwezi kusema halikunipa kabisa.

Wale wawili waweke pakavu na joto. Maji ya kunywa kwenye sahani isiyo na kina kwanza, weka vijiwe ndani wasiingie mwili mzima. Saga mchicha uchanganye na chakula chao. Kama huniamini, na una haki, kamuulize mtu mwingine kabla hujafanya lolote.

Siombi msamaha. Nisingejua niupokeeje.

Mpishi


2 Mei

Mpishi,

Sikukuita Dada leo.

Nilikuwa najua. Siku mbili baada ya kukuandikia nilikwenda duka la chakula cha mifugo. Yule mama wa pale, hata sijamaliza kusimulia, akashika kiuno: "Nani huyo alikushauri? Adui yako?" Nilijibu ni jamaa yangu. Nilirudi nyumbani nikakuandikia kurasa tatu za matusi, nyingine nilikuwa sijawahi kuzitamka. Zipo hapa. Nikasema nitazituma asubuhi. Asubuhi ikaja yako.

Nikakasirika mara mbili. Uliniulia tisa, halafu ukaninyima hata nafasi ya kukuumbua.

Nimekaa siku kumi sijakujibu. Nimewasagia mchicha. Nimempelekea mama wa dukani maneno yako yote ayakague, akasema ni sahihi. Wale wawili wanakula kama mafundi wa ujenzi.

Nimetafakari, kuna mambo na mimi nimeyaficha, na nikiendelea kukulaumu huku nimeyakalia nitapasuka.

Kwanza, Fundi hajui kama tunaandikiana. Zile salamu nilizibuni.

Pili, kile kikapu. Wifi alipokuja Desemba Fundi alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyempokea, nikampa soda, nikamwambia Fundi amekataa, hataki kitu cha nyumba hii kitoke. Fundi hakuulizwa. Wifi alisikitika, akaondoka na kikapu kitupu, na mimi nilisimama dirishani nikaona raha. Sikutaka Fundi ahesabu bata wanne jioni, aanze kuwaza wawili wamekwenda wapi na wako kwa nani. Nilikuwa nimempata mwanamume mzima mzima, nikaogopa kumpoteza kwa kikapu.

Na kwa vile tunasema ukweli: sikukuuliza habari ya ndoo kwa bahati mbaya. Wifi alishanisimulia. Nilitaka ujue. Sikujua tu ingekuuma wapi na ingetokea wapi.

Sijakusamehe. Na wewe usinisamehe upesi upesi, tutaonekana tunaigiza.

Msusi


20 Mei

Dada,

Haraka. Barua zako nilizificha kwenye kopo la rola za nywele, mahali ambapo mwanamume mwenye akili zake hana shida napo. Jana Fundi alitafuta gundi ya bomba akalifungua. Alizisoma zote, amesimama, kama mtu anayesoma mita. Nikangoja anipigie kelele kuhusu vifaranga. Aliuliza kitu kimoja: "Aliomba bata?"

Nikasema, "Ndiyo. Nami nikakataa kwa jina lako."

Akakunja barua vizuri, akazirudisha koponi, akafunika. Leo asubuhi amevaa shati la kijivu, lile lenye kola nzuri, akasema anakwenda kuangalia kazi nje ya mji. Hakubeba mfuko wa vifaa. Fundi anayekwenda kazini bila spana!

Kama amekuja huko niambie. Najua nakuomba ukweli wewe, wewe kati ya watu wote. Sina mwingine wa kumwomba.

Msusi


22 Mei

Mdogo wangu,

Alikuja.

Alifika tukiwa tunagawa chakula cha mchana, akasimama mlango wa nyuma pale panapopakuliwa kuni, kashika kofia. Wenzangu wakakonyezana. Nikampa sahani kama ninavyompa mtu yeyote, akala amesimama. Kisha nikatoka naye nje, tukaongea kando ya mapipa, nikiwa nimeshika mwiko, sijui kwa nini sikuuacha ndani.

Akasema, "Kumbe uliomba bata."

"Niliomba."

"Mimi ningekupa."

"Sasa najua."

Akatazama paa letu, akaniambia mfereji umetoboka. Nikamwambia hukuja kwa ajili ya mfereji. Ndipo akasema, "Rudi nyumbani. Bomba la jikoni lipo sasa."

Nilicheka, mdogo wangu. Nilicheka mpaka mwenzangu wa zamu akatoka mbio akidhani nimeungua. Miaka tisa, halafu ananiposa kwa bomba alilomtilia mke mwingine.

Nikamuuliza, "Na yeye je?"

Akasema, "Ataelewa."

Neno hilo hilo. Ndilo alilowaambia ndugu zake kunihusu mimi, mwaka jana, wakati anakuja kwako kila Jumamosi eti kunyoa ndevu. "Ataelewa." Nilielewa, nikafunga sanduku.

Nimemkatalia. Nimemwambia asirudi hapa tena. Lakini nimeahidi ukweli, basi nakupa na sehemu isiyopendeza. Kabla sijakataa, kuna muda mfupi, kama wa kufunika sufuria, nilitaka kukubali. Yeye sikumtaka. Nilitaka nivue aproni, nipande basi lile lile, nikuone sura yako nikiingia mlangoni. Niliiona kabisa, hata gauni ulilovaa. Wivu wangu haujaisha, usidhani. Nimeuona tu safari hii kabla haujanitumia.

Sijui ukimuuliza atakuambia nini. Pengine atasema hakufika huku. Pengine atasema mimi ndiye niliyemwita. Neno langu dhidi ya lake, na neno langu unalijua lilivyokugharimu. Siwezi kukuongezea kitu juu yake.

Mpishi


9 Juni

Dada,

Samahani nimekawia. Nilitaka kwanza mambo yatulie niweze kuandika bila kulowesha karatasi.

Alirudi jioni ile ile, barua yako ikaja siku ya tatu. Sikumuuliza mpaka nilipoipata. Nikamwandalia chakula, nikamngoja amalize, nikamuuliza mara moja tu: "Ile kazi ya nje ya mji ilikuwa ya nani?"

"Ya mzee mmoja. Ana kisima."

"Ulimaliza?"

"Bado. Anasitasita."

"Huyo mzee anapika?"

Akaacha kutafuna kijiti. Kisha, Dada, akasema kama ulivyosema atasema: wewe ndiye uliyemwita, una maisha magumu, ulilia, akakuonea huruma. Alisema kwa sauti tulivu, kwa mpangilio, sauti ile ile aliyonisimulia nayo habari zako kwenye kiti changu cha saluni, povu likiwa kidevuni. Wakati ule nilimwamini kila neno. Alisema humjali. Alisema nyumba yenu imekufa zamani. Alisema wewe utaelewa.

Nilikuwa na maneno mawili mbele yangu, lake na lako. Lako liliwahi kuniulia tisa. Nikaketi nikayapima kwa haki kabisa, mtu mwingine asiseme nilikurupuka. Nikaona kwamba aliyeniulia aliniandikia mwenyewe, kwa mkono wake, wakati hakuna aliyemshika. Fundi sijawahi kumsikia akikiri hata kwamba amechelewa kurudi.

Nikamwambia, "Namwamini Mpishi."

Alinitazama kama nimezungumza lugha ya watu wengine. Akasema, "Huyo ni mtalaka wangu!" Nikamwambia, "Najua ni nani. Mimi ndiye ninayeandikiana naye."

Sijamfukuza, na wala sijui kama nitamfukuza. Analala chumba cha vifaa, na mimi nimeirudisha saluni niliyoifunga nilipohamia hapa. Nimeigeuza sebule, kioo ukutani, viti viwili, na Jumamosi nilisuka watu watano mfululizo, vidole vikafurahi kama vimetoka safari. Wateja wanapenda kukaa dirishani wakitazama uani. Mmoja aliniambia kuna utulivu hapa kuliko saluni za barabarani. Sikumweleza gharama yake.

Nina jambo la kukuuliza, na nalo limeninyima raha siku tatu. Wale wawili wameota manyoya kamili, nimewatia majini juzi, robo saa kwa saa yangu ya mkononi, wakatoka wakavu kabisa, nikakaa chini nikalia. Sasa mmoja amekuwa na kelele, akinidai chakula mtaa mzima unajua. Mwenzake sauti imemkauka ghafla. Anafungua mdomo, anatoa mkwaruzo tu, kama mtu mwenye mafua. Anakula vizuri, macho hayana tongotongo, nimeyakagua. Je, amepatwa na baridi? Nimpe dawa, au ndivyo walivyo?

Duka la chakula cha mifugo liko hatua mia mbili kutoka hapa, na yule mama anajua kila kitu. Nakuuliza wewe.

Msusi